SOMO: Kazi ya chenji menejimenti (kusimamia mabadiliko kazini), unaifanyaje hasa (maswali karibuni)

Wakuu salama? Watu wengi wananifuata inboksi wanauliza hii kazi ni nini, shangazi yangu mpaka leo anajua nipo kwenye duka la kubadilishia fedha na kila akisafiri ananiuliza dola leo bei gani 😂. Iko hivi, kampuni ikileta mfumo mpya au ikiunganisha idara kuna wanaojenga huo mfumo na kuna meneja wa mradi anayefukuzana na muda na hela. Mimi namuangalia yule atakayeambiwa Jumatatu asubuhi aache alichozoea miaka 15.

Hatua ya 1: Jua nani anapoteza nini
Hii fanya kabla hujaandika tangazo lolote. Chukua kontrol namba, zile za kulipia serikalini kwa simu au benki, zilivyoanza 2017 hapa Tanzania, mlipaji ankara aliambiwa raha zake, lakini kashia aliyekuwa anapokea keshi dirishani yeye anajiuliza kesho nakaa wapi. Ukimwendea na hotuba ya uwazi na ufanisi atatikisa kichwa tu, hajakusikia.

Hatua ya 2: Pata sponsa
Yaani bosi mwenye mamlaka na bajeti, na aongee kwa mdomo wake, sio wewe umuandikie memo asaini. "Kwanini tunabadilika" watu wanataka kuisikia kwa bosi mkubwa, ila "mimi inanigusaje" wanataka kuisikia kwa supavaiza wao, kwa hiyo supavaiza muandae mapema asije akaulizwa mbele za watu akabaki anacheka cheka.

Hatua ya 3: Jua mtu kakwama wapi
Kuna ADKAR, mwongozo wa Jeff Hiatt wa Prosci (kampuni ya mafunzo ya kazi hii), una mambo matano: ajue kwanini, atake, ajue namna, aweze kufanya, na asirudi alikotoka. Wengi tunachemka kwenye la pili, mtu hataki halafu sisi tunampeleka semina, anarudi anajua kila kitufe na bado hataki.

Hatua ya 4: Nenda ukakae eneo la kazi
Hapa ndo penyewe. Nilikuwa kwenye mradi wa stoo ya vipuri vya malori, mfumo umeshawashwa, mafunzo yamefanyika, lakini stoo kipa, mzee mmoja hivi, mchana anaandika kwenye kaunta buku halafu jioni ndo anaingiza kwenye kompyuta. Ofisini wakaandika kwenye ripoti kwamba ni mbishi. Nikaenda nikakaa nae siku nzima juu ya kreti la soda. Saa nne hivi fundi kaja mbio, gari imelala Chalinze anataka feni belti, na mfumo hautoi kitu mpaka meneja aidhinishe, na meneja yuko kikaoni simu kazima. Mzee akampa, akaandika "fenbelti 1, karatasi italetwa", akaendelea na chai yake. Mpaka saa nane yalikuja mambo matatu ya hivyo. Ile kaunta buku ndo ilikuwa inatembeza malori ya kampuni nzima! Tukawaomba IT waweke sehemu ya kutoa kwa dharura, idhini ifuate ndani ya saa 24.

Hatua ya 5: Usiondoke ukishawasha
Na usipime kwa mahudhurio, semina yenye posho inajaa hata ingekuwa ya kufuga nyuki. Pima nani anaingia kwenye mfumo kila siku, makosa yanapungua au la, na pita mezani uone karatasi zipi bado zina wino mpya.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nimesoma HR, nianze na cheti gani?
Jibu: Anza na kazi kwanza, ofisini kwenu lazima kuna kitu kinabadilika, omba kusaidia mawasiliano na mafunzo. Baadae kozi ya Prosci ni siku 3 ila andaa mfuko. Cheti cha CCMP, kinachotolewa na ACMP ambacho ni chama cha watu wa kazi hii, wanataka uwe na uzoefu tayari.

Swali: Na kama mabadiliko yenyewe ni kupunguza watu? Unawaambia nini?
Jibu: Swali gumu hili. Usiwadanganye kamwe, sema "siruhusiwi kuongea hilo sasa, mtaambiwa tarehe fulani" na hiyo tarehe itimie. Halafu kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 38 inamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio na akae mezani na wafanyakazi au chama chao kabla, kwa hiyo bosi akikwambia "tuwashtukize tu" mpeleke kwa mwanasheria haraka.

Swali: Bosi kaleta mfumo ila yeye bado anadai ripoti ya karatasi, afanyweje?
Jibu: Mfuate faragha, sio kwenye kikao. Mwambie wiki hii ukiletewa karatasi irudishe mara moja tu. Moja inatosha, mpaka jioni jengo zima litakuwa lina habari.

Swali: Yule mzee wa stoo yuko wapi siku hizi?
Jibu: Yupo palepale. Na kaunta buku anayo, ila siku hizi anaandikia hesabu za kikoba, mimi mwenyewe humo nadaiwa.