Somo: Kuchagua jina la mfumo huria wa simu kabla ya toleo la kwanza

Somo hili limetokana na mazungumzo ya kundi letu dogo la hapa Tanga, linaloandaa mfumo endeshi huria kwa ajili ya simu za zamani ambazo watengenezaji wake wameacha kuzipelekea masasisho. Tulidhani kwamba kazi ngumu ingekuwa kuifanya kamera itii amri, kumbe jina lilituchukua muda mrefu zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu tulianzia mwisho: tulichora nembo kwanza, ndipo tukauliza maswali ambayo yalipaswa kutangulia.

Hatua ya kwanza: amueni jina litakuwa mali ya nani

Hili ndilo jambo ninaloomba kila mwenye mradi alitafakari kwa makini kuliko yote yanayofuata. Leseni huria inakupa msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, haikupi jina. Leseni ya Apache 2.0, ambayo sehemu kubwa ya msimbo wa Android imetolewa chini yake, inasema wazi katika kifungu chake cha 6 kwamba haitoi ruhusa ya kutumia majina na alama za biashara za mwenye msimbo.

Mfano unaoumiza ni wa CyanogenMod, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android. Mradi huo ulianza mwaka 2009, ukachukua jina lake kutoka kwa jina la mtandaoni la mwanzilishi wake, Steve Kondik, na mwaka 2013 ikaundwa kampuni iliyobeba jina hilohilo. Kampuni ilipotangaza Desemba 2016 kwamba inafunga huduma zake, watu waliojitolea kwa miaka mingi walibaki na msimbo wote mikononi, lakini jina halikuwa lao. Waliendelea na kazi kwa jina jipya la LineageOS, na ikawabidi kuwaeleza upya watumiaji kwamba wao ni walewale. Mwaka 2010 jambo la namna hiyo liliwapata waliokuwa wakiendeleza programu huria za ofisini za OpenOffice.org: jina lilikuwa la kampuni ya Oracle, nao wakaondoka na msimbo wakauita LibreOffice.

Kwa hiyo, kabla hamjalipenda neno lolote, andikeni karatasi moja inayosema nani atalishika jina, nani anaruhusiwa kulitumia, na litakwenda kwa nani iwapo mshikaji atajitoa au atafariki. Sisi tuliiandika kwa kalamu, kurasa mbili, na wote tukatia saini.

Hatua ya pili: kusanyeni maneno, kisha yaulizeni yanamaanisha nini kwingineko

Watu wa pwani hawakosi maneno. Siku ya kwanza tulipata Nanga, Dira, Mlingoti, Kusi, Mtepe, na bila shaka Tanga, ambalo kwetu ni mji na pia ni kitambaa cha chombo kinachoshika upepo. Tulilipenda sana neno hilo, na nembo tuliyoichora ilikuwa ya tanga lililojaa upepo. Baadaye mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi melini na mabaharia wa Ufilipino alituambia kwamba katika lugha yao neno hilo humaanisha mjinga. Tulipoendelea kuchunguza tukakuta kwamba kwa Wareno, Waitaliano na Wahispania ni aina ya nguo ya ndani. Mzee mmoja wa Ngamiani naye akatukumbusha jambo ambalo sisi wenyewe tulipaswa kulijua: tanga ni pia kikao cha msiba, na si kila mtu atafurahi kuwasha simu yake na kusomewa matanga. Neno zuri tukaliacha, kwa majonzi.

Hatua ya tatu: lipitisheni katika ulimi, sikio na kibodi

Mwiteni mtu kwa simu, mtamkieni jina mara moja, kisha mwombeni aliandike bila kuuliza tena. Jaribio hili linaua majina mengi. Neno lenye dh litaandikwa kwa z na wengi, na neno lenye l na r kwa pamoja litageuzwa. Google yenyewe, ilipoacha kuyapa matoleo ya Android majina ya vitamutamu mwaka 2019 na kuita toleo lake Android 10, ilitoa sababu ya namna hiyo: katika baadhi ya lugha l na r hazitofautishwi katika matamshi.

Kibodi nayo ina masharti yake. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, hukubali herufi, tarakimu na kistari tu, hivyo neno lenye ng' kama katika ng'ombe litalazimika kupoteza alama yake na kusomwa vingine. Mradi mwingine wa mfumo wa simu ulioitwa awali Eelo ulibadilishwa jina mwaka 2018 kwa sababu ya kufanana na jina la kampuni nyingine, ukawa /e/. Nauheshimu mradi huo, lakini jina la herufi moja kati ya mikwaju miwili ni taabu kulitafuta na ni taabu kulitamka.

Hatua ya nne: tafuteni kama lina mwenyewe

Angalieni kwanza kwenye maduka ya programu na kwenye hazina za msimbo, kisha kwenye hifadhidata ya alama za biashara ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ambayo ni bure. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa, na programu za kompyuta na simu ziko katika daraja la 9. Kwa Tanzania Bara msajili ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na Zanzibar ina msajili wake, kwa hiyo usajili wa upande mmoja haufiki upande wa pili.

Hatua ya tano: liwekeni jina mahali pamoja tu

Ndani ya msimbo tumieni jina la kazi lisilobadilika, na jina la hadharani liwekwe katika faili moja linalosomwa na skrini ya kuwashia, ukurasa wa mipangilio na kisasishi, yaani sehemu inayopakua masasisho. Programu ya Android inayobadilishiwa jina la kifurushi, yaani jina la ndani ambalo simu huitambua kwalo, huhesabiwa na simu kuwa programu nyingine kabisa, na data ya mtumiaji haihami nayo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Pangani: Shikamoo mwalimu. Je, inawezekana mtu kumiliki neno la Kiswahili ambalo ni letu sote?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Alama ya biashara haimzuii mtu kulisema neno. Humzuia kulitumia kwa bidhaa za daraja lilelile. Apple ina kivinjari kiitwacho Safari tangu 2003, nasi tunaendelea kusafiri. Disney walisajiliwa maneno Hakuna Matata nchini Marekani mwaka 2003, kwa mavazi, na watu wengi wa Afrika Mashariki walilalamika mwaka 2018. Nayaelewa malalamiko hayo. Kwa mradi wako, chagua neno la Kiswahili ambalo halielezi kazi ya bidhaa yenyewe. Neno kama Simu au Mfumo ni gumu kulilinda.

Mwanachama kutoka Muheza: Sisi tumechukua LineageOS na kuirekebisha kwa simu moja tu. Tunaweza kubaki na jina lao?

Jibu: Ukitengeneza toleo mwenyewe kwa msimbo wao, jina la toleo hubeba neno UNOFFICIAL, yaani si rasmi, nalo lisiondolewe. Mkishaongeza mambo yenu, tafuteni jina lenu na mseme kwamba mfumo umejengwa juu ya kazi yao.

Mwanachama kutoka Bagamoyo: Kundi letu halijasajiliwa popote. Nani atalishika jina?

Jibu: Zipo taasisi zisizo za faida zinazoshika majina kwa niaba ya miradi. Kwa mfano, jina la Debian, mfumo huria wa kompyuta, hushikwa na Software in the Public Interest. Mkiwa bado wachache, mtu mmoja alishike kwa maandishi kama amana, na karatasi hiyo iwekwe wazi pamoja na msimbo.

Mwanachama kutoka Chumbageni: Kaka, mmebaki na majina gani ninyi?

Jibu: Mawili. Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba bila misumari. Ninalipenda, ila wageni wanakwama kwenye herufi mbili za mwanzo. La pili ni Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za kale hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa hapa Tanga wamekuwa wakimpata katika nyavu zao. Wapo wanaohofu kwamba jina la samaki wa kale litawafanya watu waone mfumo wetu umepitwa na wakati. Mimi naona ndilo linalofaa simu ambayo mtengenezaji wake alikwisha kuihesabu kuwa imekufa. Kura bado haijapigwa, kwa kuwa hatujamaliza kulitafuta katika daraja la 9.