Kufunga mtambo wa jua wa lita 100 za maji ya moto, Sekenke (penye machimbo ya dhahabu, mkoani Singida) na vijiji jirani

Mtambo huu hauna pampu wala umeme. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe kwenye tangi, na ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kimo cha tangi na mwinuko wa mabomba.

1. Tangi. Palipokuwa na machimbo ya dhahabu mapipa ya bure hayakosekani. Usiyatumie, hata yakisuguliwa yakang'aa: pipa lililobeba zebaki au sayanidi si la maji ya kumwogeshea mtoto. Nunua tangi la stenlesi. La mabati likiunganishwa na shaba, zinki huliwa na tangi hutoboka.

2. Sanduku la kunasa joto la jua, mita 2 kwa 1. Laza mabomba 8 ya shaba ya nusu inchi kwa urefu, yaungane juu na chini kwa bomba la robo tatu. Yachomelee kwenye bati la shaba lenye rangi nyeusi isiyong'aa. Penye mwanya joto halipiti. Chini weka pamba ya kioo sentimita 5, juu kioo cha milimita 4. Godoro halifai: siku maji yasipozunguka, joto la ndani hupita nyuzi 100.

3. Kusimika. Sanduku litazame kaskazini, liinuke nyuzi 15. Jua la huku hupita karibu na utosi, lakini sanduku likilazwa sana hewa haitoki na vumbi hutuama. Tangi likae juu ya nguzo za tofali za kuchoma, si juu ya paa la udongo la tembe: maji peke yake ni kilo 100. Kitako chake kiwe sentimita 40 juu ya ncha ya sanduku. Kikiwa chini ya hapo, usiku maji hurudi nyuma na asubuhi unaoga baridi. Tangi lizungushie maranda makavu sentimita 10, uyafunike yasinyeshewe.

4. Mabomba. Simtanki iwe juu ya tangi, maji yake yaingilie kitakoni. Ya kuoga yachotwe juu kabisa, hapohapo lipande bomba la kupumulia hadi juu ya simtanki, lisilo na koki. Bomba la kutoka sanduku kwenda tangi lipande mfululizo. Lipime kwa pima maji.

Saa 9 alasiri shika bomba la juu ya sanduku. Likiunguza huku tangi ni baridi, kuna hewa imekwama: tafuta bomba lilipobinuka kama nundu ya ng'ombe, ulinyooshe.

Maji ya shimo la mgodi yapimwe kwanza. Moto hauondoi zebaki. Kioo kifute alfajiri, kwani maji baridi ya mchana hukipasua.