Vigae vya mbao vya modeli ya daraja lenye paa, fanya hivi

Kuna dogo hapa Shangani, Mtwara, anajenga modeli ya daraja la mbao lenye paa, yale ya Vermont kule Marekani. Kwenye vigae akakwama, tukakaa naye, sasa naandika maana najua wengine watauliza.

1. Vipimo
Skeli yake ni 1:24, yaani modeli ni ndogo mara 24 kuliko daraja la kweli. Kigae halisi cha inchi 16 kinakuwa milimita 17, na kinachobaki wazi bila kufunikwa na kigae cha juu yake ni inchi 5, yaani milimita 5 na kidogo. Upana changanya milimita 4, 6 na 8. Unene nusu milimita basi. Paa la sentimita 60 kwa 12 linakula kama vigae 2,400 upande mmoja, kwa hiyo usianze ukiwa na haraka.

2. Mbao
Mabaki ya mkangazi kwa seremala yeyote, yenye nyuzi zilizonyooka. Mpingo waachie wachonga vinyago, ule unazama hata majini, utaua randa bure.

3. Kukata
Bana kipande kwenye jiriwa, piga randa ukingoni kufuata nyuzi. Maranda loweka maji ya moto, kandamiza na ubao mpaka yakauke, kisha kata kwa wembe.

4. Rangi
Kabla ya gundi, tafadhali! Penye gundi rangi haishiki, inabaki doa. Chovya kwenye chai ya rangi nzito, ikikauka pakaza siki iliyolowekwa misumari yenye kutu, inageuka kijivu kama ya mbao iliyopigwa na mvua miaka. Magome ya mkoko nayo yangefaa ila mkoko haukatwi hovyo, ni kosa, chai inatosha.

5. Kubandika
Hapa ndo pana kazi. Unaanza chini kwenye upenu kupanda juu, kama unavyoezeka makuti, na mstari wa kwanza unaweka mara mbili. Chora mistari ya penseli paa zima kwanza, na kila mstari upime kutoka mgongoni, yaani kileleni mwa paa, usipime kutoka mstari uliopita, maana nusu milimita ikirudiwa mara ishirini huko juu paa limeshapinda na huna pa kurekebisha. Maungio ya mstari mmoja yasikutane na ya mstari wa chini yake. Gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, ipake kwenye paa wala usiipake kwenye kigae, kwa sababu ina maji na kigae cha nusu milimita kikinywa maji upande mmoja kinajikunja pale pale. Supaglu sitaki hata kuisikia, inaacha weupe na haikupi nafasi ya kusogeza. Acha upenyo wa unywele kati ya kigae na kigae, hasa ukibandika kiangazi, maana mvua zetu za Desemba hadi Aprili zikija mbao inavimba kwa upana na vigae vilivyobanana vinanyanyuka. Na vilaze kwanza siku kadhaa chumba kile kile modeli itakapokaa.

6. Mgongoni
Vipande viwili vyembamba virefu, kimoja kikipita juu ya mwenzake kidogo. Msasa usiguse, utatoa kijivu chote.