Jinsi ya kutambua njia iliyopitisha jeni kati ya bakteria wawili

Bakteria hurithi jeni kutoka kwa seli iliyogawanyika ikamzaa, lakini huweza pia kuzipokea kutoka kwa jirani asiye mzazi wake. Utaratibu ufuatao unaonyesha namna ya kujua ni njia gani iliyotumika.

Anza na koo mbili (yaani nasaba mbili) za bakteria Escherichia coli K-12 zenye upungufu tofauti wa vitamini na asidi amino, ambazo seli huzihitaji ili ikue, kama walivyofanya Joshua Lederberg na Edward Tatum mwaka 1946: mmoja usioweza kujitengenezea biotini na methionini, na mwingine usioweza kujitengenezea threonini, leusini na thiamini. Zikuze pamoja katika chakula kamili, osha seli mpaka chakula hicho kiishe, kisha zitandaze juu ya agari, yaani jeli ya kukuzia bakteria, yenye sukari na madini pekee. Panda pia kila ukoo peke yake katika sahani yake, na hatua hii usiiruke kamwe, kwani bila sahani hizo huwezi kujua kama makoloni, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho, yametokana na mabadiliko ya bahati ndani ya ukoo mmoja. Sahani hizo zikibaki tupu huku ile ya mchanganyiko ikiota makoloni, hata kama ni moja tu kwa kila seli milioni 10 hivi, jeni zimehama.

Sasa chukua bomba la umbo la U, kama lile alilolitumia Bernard Davis mwaka 1950, ambalo kichujio chake cha kioo hupitisha majimaji na kuzuia bakteria. Weka kila ukoo upande wake, uyasukume na kuyavuta majimaji mara kwa mara, kisha uzipande seli tena katika agari ya sukari na madini. Makoloni yakikosekana, seli zililazimika kugusana, na hiyo ndiyo konjugesheni. Mtoaji mwenye plazmidi F, yaani kipete kidogo cha DNA kilicho kando ya kromosomu, hurefusha uzi uitwao pilusi, humnasa mpokeaji na kumvuta karibu, kisha uzi mmoja wa DNA huingia kwa mpokeaji huku kila upande ukijijengea uzi wa pili, hivyo mtoaji hapungukiwi na kitu. Plazmidi ikiwa imejiunga na kromosomu huikokota nayo. Kuihamisha yote huchukua dakika 100 hivi katika nyuzijoto 37, na aghalabu seli huachana kabla.

Makoloni yakitokea licha ya kichujio, rudia jaribio ukiwa umeongeza kimeng'enya kinachokatakata DNA. Yakitoweka, DNA ilikuwa ikielea tupu, nayo ni transfomesheni. Yakiendelea kuota, ilikuwa imekingwa ndani ya ganda la virusi, yaani transdaksheni, kama walivyoeleza Norton Zinder na Lederberg mwaka 1952 kwa bakteria wa Salmonella, ambako mbebaji alikuwa faji (virusi vinavyoshambulia bakteria) aitwaye P22. Faji anapojipakia, mara chache ganda hujazwa kipande cha DNA ya bakteria, na ganda hilo humdunga bakteria mwingine kipande hicho bila kumuua.

Kabla ya kuamini jibu lolote, kikague kichujio chenyewe: jaza bakteria upande mmoja tu, sukuma majimaji kama kawaida, kisha panda tone la upande wa pili katika agari yenye chakula kamili. Likiota hata koloni moja, kichujio kinavuja na jaribio lirudiwe.