Bakuli la mwembe hukerezwa mara mbili

Wanaotaka kuanza kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine iitwayo kerezo, huniuliza kwanza wanunue mninga au mkongo. Mimi nawaambia watafute mwembe. Miembe mizee inakatwa kila siku kupisha ujenzi, na magogo yake mengi huishia kwenye tanuru la tofali. Mti wake haukupi tabu kuukata, na ukungu ukiuingia kidogo huchora michirizi myeusi ambayo hakuna rangi ya dukani inayoifikia.

Lakini usiliache gogo juani kwa tamaa ya michirizi. Lipasue mapema kwa urefu na uondoe kiini chote, maana bakuli lililobakiwa na kiini hupasuka. Vichwa vilivyokatwa vipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa.

Chora duara, punguza pembe kwa msumeno, kisha funga bamba la chuma la kushikia mti kwenye kerezo kwa skrubu nene upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, kwa kuwa matundu yake yataondoka utakapochimba ndani. Zungusha kwa mkono uone hakuna kinachogusa kiegemeo, chuma cha kulazia patasi. Vaa kinga ya uso mzima, usivae glavu wala mikono mirefu inayoning'inia, na simama pembeni unapowasha. Kipande cha sentimita 25 nakianza kwa mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika. Kerezo likitikisika, punguza.

Sasa bobari, patasi yenye mfereji, na hapa ndipo pa kutulia. Mpini ukae nyongani, mwili wote uende nao, mikono iongoze tu. Laza bobari kwenye kiegemeo, mgongo wa makali uuguse mti bila kukata, kisha inua mpini polepole mpaka uzi wa kwanza wa randa utokee. Mwembe mbichi ukikatwa sawasawa hutoa maranda marefu, yenye majimaji. Ukiona vumbi, zima ukanoe. Nje kata kutoka kitakoni kwenda mdomoni, ndani kutoka mdomoni kwenda katikati. Ukienda kinyume, nyuzi zisizo na cha kuegemea hung'oka, na msasa hautafuta makovu hayo.

Kitakoni acha kisigino cha duara, geuza bakuli, bana kisigino hicho kwa chaki ya taya nne (kibanio cha kerezo), uchimbe ndani. Usilimalize! Acha ukuta mnene, moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 libaki na ukuta wa sentimita 2.5. Mti ukikauka husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo duara litakuwa yai, na unene huo ndio utakaokurudishia duara.

Litie kwenye mfuko wa kaki pamoja na maranda yake, uuweke kivulini mbali na upepo. Kila wiki lipime kwa mizani ya jikoni, uandike uzito kitakoni kwa penseli. Uzito ukigoma kushuka, limekauka. Huchukua miezi, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Mara ya pili, kisigino nacho kimepinda. Bana bakuli kati ya ubao na ncha ya nyuma ya kerezo, ukisawazishe kwanza, kisha fuata nje na ndani hadi ukuta wa milimita 6 au 8. Msasa 120, 180, 240 na 320, kwa kasi ndogo, barakoa usoni: mwembe ni ukoo mmoja na mkorosho, na vumbi lake huwasha baadhi ya watu.

Mafuta ya alizeti hubaki yakinata na huchacha. Tumia mafuta safi ya kitani, upake membamba, ufute, uache yakauke siku kadhaa kabla ya kurudia, mwisho nta ya nyuki. Matambara uliyofutia yatandaze nje mojamoja hadi yakakamae. Yakilundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka moto, na karakana imejaa maranda.