Kabla Hujamwachia Mtu Mtoto Mwenye Aleji ya Chakula

Kwanza hakikisha kuwa ni aleji kweli. Mtoto akiharisha baada ya maziwa, huenda tumbo lake halimudu sukari ya maziwa, au maziwa yenyewe hayakuchemka. Aleji mara nyingi haichelewi: dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, midomo inavimba, mabaka yanayowasha yanatoka mwilini, anatapika, anakohoa, kifua kinabana. Andika alichokula, saa ngapi na nini kilitokea, daftari umpelekee daktari.

Usimkataze mayai, maziwa, samaki na karanga kwa mpigo kwa sababu jirani kasema. Huku Nyanda za Juu Kusini chakula tunacho, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Ukiondoa kitu kwenye sahani ya mtoto, uwe na cha kuweka mahali pake: maharage, dagaa, yai, parachichi, chochote kisichomdhuru.

Maziwa ya mbuzi si njia ya mkato. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na mtoto anayedhurika na haya kwa kawaida hudhurika na yale. Mtindi nao ni maziwa. Mama mkwe wako wa Tukuyu mwenye ng'ombe bandani atanuna, mwache anune.

Mboga. Mnafu na majani ya maboga huku huungwa kwa karanga, kwa hiyo mwiko uliokoroga sufuria ya wakubwa usiingie kwenye ya mtoto.

Unga ndio uliotutesa. Mtoto wa mdogo wangu, pale Mbeya, ana aleji ya karanga, na mama yake ni mtu makini kupita kiasi. Unga wa lishe wa dukani alishauacha kwa kuwa mwingi una karanga ndani. Akawa ananunua mwenyewe sokoni Mwanjelwa mahindi, ulezi, mchele na soya, anachambua, anaosha, anaanika, anapeleka mashineni. Miezi ikapita salama. Asubuhi moja mtoto akanywa uji vijiko vichache, akaanza kujikuna shingo. Punde midomo imekuwa minene, sauti imekauka, kikohozi hakikatiki.

Shemeji mmoja akaagiza apewe maziwa yaue sumu. Mwingine akakimbilia duka la dawa kufuata Piriton. Yote ni kupoteza muda: Piriton inapunguza kuwashwa, haifungui koo linaloziba. Kinachookoa ni sindano ya adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na hiyo utaikuta kwa wahudumu wa afya, si kwenye kabati la jikoni. Bibi yake ndiye aliyekatisha kelele. Akampakata mjukuu, akapanda bodaboda. Kituoni mtoto akachomwa sindano, akapata pumzi, kisha wakaambiwa wasiondoke kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi hata akionekana mzima.

Nafaka zilikuwa zilezile. Nikaenda mwenyewe mashineni kutazama. Pale unga unapotokea pamefungwa ule mfuko mrefu wa kitambaa. Tuliugeuza ndani nje, tukakuta utando wa kahawia hafifu, una mafuta, umeng'ang'ania kwenye mishono. Ukinusa tu unajua ni karanga. Msagaji wala hakuficha: aliyetangulia kwenye foleni siku ile alisaga lishe. Yeye angejuaje kuna mtoto wa namna hiyo? Hakuna aliyemwambia.

Sasa basi, kutanguliza kilo chache za mahindi yako na kuwapa kuku unga wa mwanzo kunapunguza mabaki, hakuyamalizi. Kwa mtoto aliyewahi kubanwa pumzi usitegemee hilo. Twanga nyumbani kwa kinu chenu au saga kwa blenda isiyoguswa na karanga. Chekeche nayo iwe yenu, usiazime wala usiazimishe.

Ukimkabidhi mtoto kwa dada wa kazi, bibi au mwalimu wa chekechea, usiseme hapatani na karanga, watadhani anadeka. Sema akila atashindwa kupumua, umwonyeshe mtu huyo kituo cha afya kilipo na namba ya bodaboda anayekubali kuamka usiku. Kwenye kadi ya kliniki aleji iandikwe mahali panapoonekana.

Safari ya basi ni mtihani wake. Kila likisimama, karanga za kuchemsha zinaingia dirishani, na abiria wa kiti cha pili ana roho nzuri ya kugawa. Beba chakula chake, toka Mbeya unajua utashukia wapi kukitokea shida, Makambako, Mafinga au Iringa mjini. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Sanitaiza inaua vijidudu, karanga inaziacha palepale.

Sherehe za ubatizo na kipaimara, mlishe kabla hamjatoka nyumbani. Keki usiikubali kwa kuitazama. Na hata asiye na aleji yoyote, aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, zinakaba.

Halafu yupo yule ndugu, kila ukoo unaye, anayesema mpeni kidogo kidogo atazoea. Majaribio ya namna hiyo hufanywa hospitali, daktari akiwa pembeni na sindano ikiwa tayari. Huyo msimwache na mtoto peke yao, hata mkienda kisimani tu.