Kulisha injini hewa baridi bila kuvua boksi la filta

Usikimbilie filta ya wazi, ile isiyo na boksi. Ikikaa uchi chini ya boneti huvuta hewa iliyopashwa moto na rejeta, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo zaidi kwa ujazo uleule. Kelele huongezeka, nguvu hupungua. Bakiza boksi la kiwandani, weka filta safi, kisha ulilishe hewa ya nje.

Injini ikishapoa, pima mdomo wa boksi. Kwa injini ya lita 1.5, bomba la kujikunja la milimita 65 hadi 75 linatosha. Lipitishe mbali na feni, mikanda na ekzosi hadi nyuma ya shoo (grili ya mbele ya gari), ulikaze kwa klampu, uweke wavu mdomoni.

Usilishushe bomba hilo chini ya bampa. Dimbwi moja tu linatosha: maji hayagandamiziki, yakiingia kwenye silinda hupinda konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Mpira unaotoka kwenye sensa ya hewa (kifaa kinachopima hewa inayoingia) kwenda injini usiuguse. Ukipasuka, hewa isiyopimwa huingia, mchanganyiko hukosa petroli, na gari hutetemeka likiwa limesimama. Faida yenyewe ni ndogo, huonekana zaidi gari likiwa mwendoni.